Fraunhofer: yatima aliyeuchunguza ugonjwa wa kioo

Sisi wa pwani hatuhitaji kufunzwa unyevu. Bawaba zinashika kutu, chumvi inalowa kwenye kopo, na darubini iliyosahauliwa kabatini hutoka na utando. Lakini mmoja wa watu walioshughulika kwa dhati na jinsi unyevu unavyokila kioo aliishi mbali na bahari, Bavaria, kusini mwa Ujerumani.

Joseph Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 mjini Straubing, mtoto wa kumi na moja wa fundi vioo. Alipofika miaka 11 hakuwa na mama wala baba. Yatima hadeki: walezi walimpeleka Munich kuwa mwanagenzi wa fundi vioo ambaye hakupenda kumwona akishika kitabu. Julai 1801 nyumba ya fundi huyo iliporomoka na kijana akafukiwa. Alipotolewa hai, mtawala Maximilian Joseph, aliyekuja kushuhudia uokoaji, alimpa pesa, na mfanyabiashara Joseph von Utzschneider akampa vitabu. Sehemu ya pesa zile aliitumia kujinunulia uhuru kutoka kwa bwana wake.

Mwaka 1806 aliingia karakana ya Utzschneider, na baadaye akahamia Benediktbeuern, kwenye majengo yaliyokuwa makazi ya watawa. Huko ndiko walikoyeyusha kioo cha lenzi, Fraunhofer akijifunza kwa Guinand, fundi mzee kutoka Uswisi.

Hapo ndipo alipokutana na ugonjwa wenyewe. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi au potashi ili uyeyuke upesi. Kioo cha dirisha hakichagui sana, lakini lenzi hutaka aina mbalimbali za kioo, kila moja ikipinda mwanga kwa kiasi chake, basi fundi hubadilisha mchanganyiko. Potashi ikizidi, kioo huwa dhaifu mbele ya maji. Mvuke wa hewani hukaa juu ya uso wake na kuichomoa potashi polepole. Kinachobaki ni ngozi nyembamba mno, yenye vitundu visivyoonekana, karibu mchanga mtupu. Potashi iliyotoka nayo hukutana na hewa na kugeuka chumvi nyeupe. Usisahau kwamba lenzi husuguliwa na kung'arishwa kwa maji, kwa hiyo kazi hiyo huanza lenzi ikiwa bado mkononi mwa fundi. Lenzi iliyong'aa leo, baada ya miezi huwa na rangi ya samawati au ukungu. Kwa karakana inayouza darubini za bei kubwa, hiyo ni hasara na aibu.

Mwaka 1817 Fraunhofer aliandika majaribio yake kuhusu chanzo cha kioo kufifia na namna ya kukizuia. Alitumia tindikali kali kuuathiri uso wa kioo. Rangi zilitokea, na akaona jambo ambalo nadhani wengi wangelipita: uso ulioguswa hivyo ulirudisha mwanga kidogo kuliko uso mpya. Adui yake alikuwa pia na manufaa, kwa sababu mwanga usiorudi nyuma hupenya lenzi.

Umaarufu ulimjia kwa mengine. Alihesabu mistari myeusi zaidi ya 500 katika mwanga wa jua, na mwaka 1824 darubini yake kubwa, yenye lenzi ya upana wa sentimita 24 hivi, ilifika Dorpat. Alifariki tarehe 7 Juni 1826 kwa maradhi ya mapafu, akiwa na miaka 39.

Mistari ya jua aliitangaza, lakini mapishi ya kioo karakana iliyafanya siri ya biashara, na yale majaribio ya 1817 yalikuja kuchapishwa mwaka 1888 pamoja na maandishi yake mengine. Mwaka 1892 Mwingereza Dennis Taylor aliona upya kwamba lenzi kuukuu zilizofifia hupitisha mwanga zaidi kuliko mpya. Mwaka 1935 Smakula, wa kampuni ya Zeiss, alipata njia ya kuipaka lenzi utando kama huo bila kuusubiri unyevu, na utando wa aina hiyo ndio unaoipa kamera yako ile rangi ya zambarau ukiiinamisha juani.