John Tyndall na bomba lililopima hewa ukaa

Kifaa cha kupima hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, siku hizi kinaenea kiganjani. Mwanafunzi anaweza kukiunganisha kwa nyaya na bodi ndogo ya Arduino, akaandika programu fupi, na namba zikaanza kutokea. Nje mahali pa wazi kitasoma kama 420, maana yake sehemu 420 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Kipeleke kwenye darasa lililojaa watoto, madirisha yakiwa yamefungwa, namba hupita 1,000. Ndani yake mna taa, kijibomba na kipokezi. Basi. Jambo hilo la bomba tunalo tangu enzi za John Tyndall.

Tyndall alizaliwa mwaka 1820 huko Leighlinbridge, Ireland, mtoto wa askari polisi asiye na mali. Alianza maisha akiwa mpima ardhi, kisha mwalimu. Alipofika miaka 28 alikwenda Marburg, Ujerumani, kusomea sayansi. Mwaka 1853 akapata kazi Royal Institution mjini London, alikokuwa mwanasayansi Michael Faraday.

Mwaka 1859 alitaka kujua ni hewa zipi huzuia joto lisipite. Alichukua bomba la shaba, akaziba ncha zake kwa vipande bapa vya chumvi ya mawe. Kwa nini si kioo? Kwa sababu kioo chenyewe huzuia joto la namna hiyo. Upande mmoja aliweka chanzo cha joto, upande wa pili kipimo chepesi sana. Oksijeni na naitrojeni zilipitisha joto karibu lote. Hewa ukaa na mvuke wa maji zililishika. Hapo akaelewa kwamba bila mvuke angani, ardhi ingepoteza joto lake usiku na baridi kali ingeua mimea. Mkulima hahitaji kuelezwa zaidi.

Tusimsahau Eunice Foote wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1856 kwamba hewa ukaa juani hupata joto kuliko hewa ya kawaida. Tyndall hakumtaja alipotangaza matokeo yake.

Katika miaka ya 1860 bomba hilo lilipima pia hewa ukaa katika pumzi ya mtu. Kifaa cha leo hufanya vivyo hivyo: taa hutoa mwanga usioonekana, hewa ukaa humeza sehemu yake, na kadiri unavyofika kidogo ndivyo namba inavyopanda. Lakini tahadhari: hakitambui monoksaidi, ile hewa ya jiko la mkaa inayoua watu usingizini. Hiyo ina kifaa chake.

Tyndall mwenyewe alisumbuliwa na kukosa usingizi kwa miaka mingi. Desemba 1893 mkewe, Louisa, alikosea chupa, akampa dawa ya usingizi kupita kiasi badala ya dawa ya tumbo. Alifariki siku hiyo hiyo. Louisa alikusanya karatasi zake ili aandike maisha yake. Aliishi hadi 1940, na kitabu hakukimaliza.