Marie Curie: aliyelipa kwa vidole na macho

Radiumu haitoi moshi wala harufu, lakini inachoma mtu. Marie Curie, aliyeifunulia dunia, iliishia kumchoma yeye mwenyewe.

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1867. Mwaka 1898, kule Paris, yeye na bwana yake Pierre waligundua radiumu. Pierre alijaribu kuiweka kwenye mkono wake. Ikaacha kidonda kilichochukua zaidi ya mwezi kupona. Hata hivyo waliendelea kuishika kwa mikono mitupu.

Tangu 1922, radiumu nyingi ya dunia ilitokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga. Wakongomani waliyachimba, yakasafishwa Olen, Ubelgiji. Wakati ule vidole vya Mama Curie vilikuwa vimeungua na kuwa vigumu. Macho nayo yakaingia mtoto wa jicho, akapasuliwa mara kadhaa. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu.

Siku hizi sababu inajulikana. Miale ya beta haiingii ndani sana mwilini: inaunguza ngozi, na ile yenye nguvu inafika hadi ndani ya jicho. Ndiyo maana wafanyakazi wanavaa glovu na miwani mizito ya plastiki, wanashika kwa koleo refu, na hawakai karibu muda mrefu.

Basi anayeokota vyuma chakavu Uvira ao Baraka, akikuta chombo chenye alama ya mabawa matatu yanayozunguka kidoti, asikifungue. Aondoke mbali, aite viongozi.