Delamere Halikuwa Jina Lake

Wanafunzi wangu hudhani Delamere ni jina alilozaliwa nalo yule mlowezi mashuhuri. La hasha! Aliitwa Hugh Cholmondeley, mzaliwa wa 1870. Delamere ni cheo cha ubaroni ambacho ukoo wake ulitunukiwa Uingereza mwaka 1821, naye akakirithi akiwa na miaka 17, babaye alipofariki mwaka 1887. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ikamkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Alifariki mwaka 1931, cheo kikamwendea mwanawe. Barabara ya Nairobi iliyoitwa Delamere sasa ni ya Kenyatta. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kwamba kibao hung’olewa kwa siku moja. Urithi wa cheo na ardhi haung’oki hivyo.