Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyetafuta namna ya kugawa pointi kwa haki

Januari 2024, kwenye Kombe la Afrika, Léopards wa Congo waliitoa Misri kwa penalti. Kwa mashabiki huo ni ushindi, basi. Lakini kwenye hesabu ya FIFA Congo iliandikiwa 0,75, si 1, na Misri iliyotolewa ikaandikiwa 0,5 kama vile ilitoka sare. FIFA ilianza kutumia hesabu hiyo kwa ekipe za wanaume mwaka 2018. Msingi wake haukutoka kwa mutu wa mupira.

Ulitoka kwa Arpad Elo. Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1903 katika kijiji kimoja cha Hungaria, na mwaka 1913 akahamia Marekani pamoja na wazazi wake. Alisoma fizikia kwenye Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akaifundisha Marquette, chuo kikuu cha mji wa Milwaukee. Nje ya darasa alipenda sataranji, mchezo ambao wengi Congo wanauita échecs. Alichukua ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane, kwa hiyo alijua uchungu wa kupoteza pointi.

Shida ilikuwa hii: mutu anapiga wachezaji kumi dhaifu wa kartie yake, mwingine anatoka sare na bingwa. Nani apewe zaidi? Marekani ilikuwa na hesabu ya Kenneth Harkness, ambayo ilisaidia, lakini mara nyingine ilitoa majibu ambayo wachezaji waliyakataa. Shirikisho la sataranji la huko likamuomba Elo airekebishe, na mwaka 1960 likachukua hesabu yake mpya.

Elo alifikiri kama mutu wa maabara. Kwake pointi zilikuwa kipimo kuliko zawadi. Kabla ya mchezo, tofauti ya pointi inaonyesha kinachotazamiwa. Baada ya mchezo, unalipwa kwa kile ulichofanya kupita hapo. Chukua wachezaji wawili wanaoachana kwa pointi 200. Mkubwa anatazamiwa kupata karibu robo tatu ya matokeo. Kwa kipimo kimoja kinachojulikana, akishinda anaongeza pointi 8 tu. Akipigwa, anapoteza 24, na mdogo njo anazichukua. Hata sare inamtoa mkubwa pointi 8. Wakiwa sawa, mshindi anachukua 16. Hakuna pointi inayotoka hewani, na hakuna anayeshinda akashuka.

Hilo la mwisho si jambo dogo. Hesabu ya zamani ya FIFA ilikuwa ya wastani, na mechi ya kirafiki iliweza kukushusha hata ukishinda. Poland ilizikwepa mechi hizo kwa muda mrefu, na kwenye upangaji wa Kombe la Dunia 2018 ikawekwa chungu kimoja na vigogo. Haikuvunja sheria yoyote. Sheria yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu.

Shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, lilimfuata Elo mwaka 1970. Mpaka katikati ya miaka ya 1980 alipiga hesabu za orodha ya FIDE yeye mwenyewe. Iliwezekana kwa sababu wachezaji walioorodheshwa hawakufika 2000. Mwaka 1978 alitoa kitabu chake kuhusu upimaji wa wachezaji wa zamani na wa sasa.

Uzeeni jambo moja lilimsumbua: vijana wengine walianza kujali namba zao kuliko mchezo ulio mezani. Hesabu yake haikuwa na dawa ya hilo, maana anayekataa kucheza hapotezi kitu.

Elo alifariki tarehe 5 Novemba 1992 huko Brookfield, Wisconsin, kabla FIFA haijaigusa hesabu yake. FIFA nayo imeongeza mambo yake: kwenye hatua za mtoano za mashindano makubwa, anayepigwa hanyang'anywi pointi, ingawa mshindi anaongezewa. Na wengi wanaandika ELO kwa herufi kubwa, wakidhani ni kifupi cha maneno kama FIFA, kumbe ni jina la ukoo wake.