Absalom Jones, Mlezi wa Wajane na Yatima



Kila tarehe 13 Februari ndugu zetu Waanglikana wa Marekani humkumbuka Absalom Jones, mtu mweusi wa kwanza kupewa ukasisi katika Kanisa lao. Tumeona vema kusimulia maisha yake, maana yanatuonyesha kazi ya Kanisa watu wanapokwisha pata uhuru.

Absalom alizaliwa utumwani mwaka 1746, huko Delaware. Tangu utoto alipenda elimu. Vipeni alivyotunzwa alinunulia kitabu cha kujifunza kusoma, akawaomba watu wamwelekeze. Alipokuwa na miaka 16 bwana wake aliwauza mama yake na ndugu zake sita, akamchukua yeye peke yake mpaka mji wa Philadelphia kufanya kazi dukani. Hivyo alijua mapema uchungu wa jamaa kuvunjwa.

Mwaka 1770 alimwoa Mary, mtumwa kama yeye. Kwa sheria ya wakati ule mtoto alifuata hali ya mama yake. Basi Absalom alifanya kazi hata usiku, akakopa, akaomba msaada, akamkomboa mkewe kwanza ili watoto wazaliwe huru. Yeye mwenyewe alibaki mtumwa mpaka mwaka 1784.

Siku hizo Marekani ilikuwa imekwisha jitawala, na jimbo la Pennsylvania lilikuwa na sheria ya mwaka 1780 ya kukomesha utumwa polepole. Lakini bendera mpya haikumpa mjane unga, wala sheria haikumlipia yatima ada ya shule.

Kwa hiyo, mwezi wa Aprili 1787, Absalom na rafiki yake Richard Allen walianzisha chama cha Waafrika walio huru. Kila mwanachama alitoa shilingi moja kwa mwezi. Akiisha kuchanga mwaka mzima, naye akapatwa na shida asiyojitakia, alipewa shilingi 3 na peni 9 kila juma. Akifa, mjane wake alitunzwa. Watoto wake walisomeshwa, kisha wakawekwa kwa mafundi wajifunze kazi.

Mwaka 1793 homa ya manjano iliua watu wapata 5,000 mjini. Ilidhaniwa kwamba watu weusi hawaipati, jambo lisilo kweli. Wengi walipokimbia, Absalom na wenzake walibaki wakiuguza na kuzika. Baadaye mchapishaji mmoja aliwashtaki baadhi yao kuwa walijitajirisha kwa msiba. Absalom na Allen walijibu kwa kijitabu, wakaweka hesabu zao wazi.

Zamani walikuwa wakisali pamoja na Wamethodisti weupe, wakaondoka baada ya kuinuliwa kwa nguvu hali wamepiga magoti. Tarehe 17 Julai 1794 wakafungua kanisa lao la Mtakatifu Tomaso, likapokewa katika Dayosisi ya Pennsylvania. Absalom alifanywa shemasi mwaka 1795, na baadaye kasisi. Hata hivyo ushirika wake ulinyimwa kiti katika mkutano wa Dayosisi mpaka miaka ya 1860. Absalom hakukiona kiti hicho; alifariki mwaka 1818.

Sisi tuliozoea kusahihisha hesabu za watoto tumeona hesabu moja hapa. Chama kilianza 1787, jengo likafunguliwa 1794. Kwa miaka saba kabla ya jengo kufunguliwa, chama kilikuwa kimekwisha fungamana kuwatunza wajane.

Nasi je? Msiba ukitokea twachanga upesi, twaimba na kulala matangani. Lakini arobaini ikipita na sufuria zikirudishwa, nani humwuliza mjane kama ada ya watoto imepatikana? Shilingi moja ya kila mwezi, ikiandikwa daftarini na kulindwa kwa uaminifu, ilifanya kazi kubwa Philadelphia. Tusingoje fedha nyingi. Tuanze na majina ya wajane wa mtaa wetu.