Ramana Maharshi na Kazi za Jikoni

Zamu yangu ya kumenya viazi ilipofika muhula huu nilinung'unika, nikiona kazi hiyo haimfai mtu wa kidato cha nne. Wakati huo nilikuwa nikisoma maisha ya Ramana Maharshi wa Bara Hindi.

Alizaliwa Tiruchuli mwaka 1879. Mwaka 1896, akiwa mwanafunzi wa miaka 16 mjini Madurai, alishikwa na hofu ya kufa. Akalala kama maiti, akajichunguza, akaona mwili utakufa lakini yeye siye mwili. Baada ya majuma machache akatoroka kwenda mlima Arunachala, kwa nauli ya rupia 3 alizotoa katika karo ya kaka yake (jambo hilo silisifu). Huko alikaa gizani katika chumba cha chini hekaluni, wadudu wakimla mapaja, asijali.

Basi nilitazamia audharau mwili maisha yake yote. Sivyo. Alipokuwa mwalimu maarufu wa Advaita, mafundisho ya Kihindu kwamba nafsi ya mtu na asili ya vitu vyote ni kitu kimoja, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kwenda jikoni kukata mboga. Alikula sawasawa na wageni, akikataa kuongezewa. Ng'ombe aliyeitwa Lakshmi alipokuwa akifa mwaka 1948, alikaa akimshika kichwa. Naye alipopata saratani ya mkono alikubali kupasuliwa mara 4, akaendelea kuwapokea wageni hadi alipofariki tarehe 14 Aprili 1950.

Jumamosi nilimenya viazi kimya. Mpishi asema maganda yangu bado ni manene.