Whitworth, aliyezipa bolti kipimo kimoja

Joseph Whitworth alizaliwa mwaka 1803 huko Stockport, Uingereza. Alifanya kazi kwa Henry Maudslay jijini London, kisha mwaka 1833 akafungua karakana yake Manchester. Enzi hizo kila karakana ilichonga bolti kwa meno yake. Nati ikipotea, mashine ililala. Mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja, meno ya nyuzi 55, nacho kikaenea nchini humo. Alifariki mwaka 1887.

Mwenye mashine ya kusaga ana la kujifunza hapo. Bolti ya kifuniko cha injini isiyolingana meno haikazi, na oili huvuja. Tafuta inayolingana, kaza kidogo kidogo kwa kupishanisha pande. Ukizidisha nguvu, gasketi hupasuka. Bolti moja sahihi ni nafuu kuliko injini iliyokaukiwa oili.